Kupima Kama Nambari Kubwa Inagawanyika Bila Kugawanya kwa Njia Ndefu: Mwongozo Kamili

Mwishoni mwa mwaka, chama chetu cha wanachama 13 hapa Umoja, Nairobi, kilikuwa na shilingi 1,367,548 za kugawana. Nikiwa mweka hazina, niliwaambia wenzangu kwamba fedha hizo zingegawanyika sawasawa bila kubaki hata shilingi moja, na nikalisema hilo kabla ya mtu yeyote kuchukua simu na kufungua kikokotoo. Nilichofanya kilikuwa kidogo sana: nilitoa 367 kutoka 548 nikapata 181, nikaongeza 1 nikapata 182, na 182 ni 13 mara 14. Kikokotoo kilipofunguliwa, kila mwanachama alionekana kustahili shilingi 105,196 kamili.

Mwongozo huu unaeleza jinsi hesabu ya namna hiyo inavyofanywa, na zaidi ya yote unaeleza kwa nini inafanya kazi. Kwa miaka kadhaa nimewasaidia watoto wa mtaani kwetu katika hesabu nyakati za jioni, na nimeona kwamba mtoto aliyepewa orodha ya kanuni azikariri huzichanganya ndani ya wiki mbili, ilhali yule aliyeelewa chanzo chake huweza kuziunda upya akizisahau. Ninaposema kwamba nambari moja inagawanyika kwa nyingine, maana yangu ni kwamba inagawanyika bila baki.

Ili tuwe na kitu kimoja cha kushika, tutaipima nambari hii katika karibu kila hatua:

45,301,126,539,480

Swali moja lililo nyuma ya kanuni zote

Nambari yoyote tunayoiandika ni jumla ya mamoja, makumi, mamia, maelfu na kuendelea. Kwa hiyo kabla ya kuipima nambari kubwa, jiulize swali moja tu: 10, 100 na 1,000 zikigawanywa kwa kile ninachokipima, zinabakisha nini?

Majibu yanayotufaa ni matatu. Zikibakisha 0, basi sehemu kubwa ya nambari haina uzito wowote na tunatazama mkia wake peke yake. Zikibakisha 1, kila tarakimu inahesabika kama ilivyo, kwa hiyo tunajumlisha. Zikipungukiwa na 1 tu ili zigawanyike, yaani baki likiwa sawa na hasi 1, tunajumlisha na kutoa kwa kupishanisha. Blaise Pascal, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliandika kanuni ya jumla inayozimeza hizi zote: tafuta baki la kila nafasi, zidisha kila tarakimu kwa baki la nafasi yake, kisha jumlisha, na jumla hiyo itakuwa na baki lile lile la nambari ya awali. Kanuni hiyo ni kweli kwa kigawanyo chochote, yaani nambari yoyote unayogawanya kwayo, lakini kwa kazi ya mkono ni rahisi pale tu mabaki yanapokuwa 0, 1 au hasi 1. Ndiyo maana ustadi wenyewe ni kutafuta nafasi ambayo baki lake ni dogo.

Hatua ya kwanza: tazama mkia

Kwa kuwa 10 ni 2 mara 5, nafasi ya makumi na zote zilizo juu yake hazibakishi kitu zikigawanywa kwa 2 au kwa 5, na tarakimu ya mwisho ndiyo inayoamua. Vivyo hivyo 100 haibakishi kitu kwa 4 wala kwa 25, kwa hiyo tarakimu mbili za mwisho zinatosha. 1,000 haibakishi kitu kwa 8 wala kwa 125, kwa hiyo tunatazama tarakimu tatu. Na kwa 16 tunatazama nne. Nambari iwe na tarakimu 6 au 6,000, kazi ni ile ile.

Nambari yetu inaishia na 480. Tarakimu ya mwisho ni 0, kwa hiyo inagawanyika kwa 2, kwa 5 na kwa 10. Tarakimu mbili za mwisho ni 80, ambayo inagawanyika kwa 4 lakini si kwa 25. Tarakimu tatu za mwisho ni 480, ambayo ni 8 mara 60, basi inagawanyika kwa 8. Tarakimu nne za mwisho ni 9,480. Kwa kuwa 16 mara 592 ni 9,472, zinabaki 8, na nambari yetu haigawanyiki kwa 16.

Kipimo cha 8 huwasumbua wengi kwa sababu tarakimu tatu si rahisi kugawanya kichwani. Kumbuka kwamba 100 ikigawanywa kwa 8 hubakisha 4. Kwa hiyo tazama tarakimu ya mamia: ikiwa ni shufwa (0, 2, 4, 6 au 8), ipuuze na upime tarakimu mbili za mwisho tu, ikiwa ni witiri (1, 3, 5, 7 au 9), ongeza 4 kwenye tarakimu hizo mbili kisha upime. Kwa mfano, mkia wa 936 una 9 ambayo ni witiri, hivyo tunachukua 36 na kuongeza 4, tunapata 40, nayo inagawanyika kwa 8.

Hatua ya pili: jumlisha tarakimu

Sasa tuje kwa 3 na 9. Nambari 10 ni 9 na 1, nambari 100 ni 99 na 1, nambari 1,000 ni 999 na 1. Elfu nne, basi, ni 4 mara 999 na 4 zaidi. Sehemu ya kwanza inagawanyika kwa 9 bila shaka, na inayobaki ni ile 4 yenyewe. Kila tarakimu inaacha thamani yake kama ilivyo, na ndiyo maana jumla ya tarakimu ina baki lile lile la nambari nzima, kwa 9 na kwa 3 pia.

Tarakimu za nambari yetu zikijumlishwa zinatoa 51, na 5 na 1 zinatoa 6. Kwa kuwa 6 inagawanyika kwa 3 lakini si kwa 9, nambari yetu inagawanyika kwa 3 peke yake, na tumejua pia kwamba ikigawanywa kwa 9 itabakisha 6.

Nambari ikiwa ndefu sana, hakuna haja ya kujumlisha kila kitu. Futa kila 9 unayoiona, na ufute kila jozi inayotoa 9. Katika nambari yetu tunaweza kufuta 4 na 5 za mwanzo, 3 na 6, ile 9, 5 na 4, kisha 1 na 8. Zinazobaki ni 0, 1, 2, 3 na 0, ambazo jumla yake ni 6, sawa na tulivyopata. Ukiizoea njia hii, nambari yenye tarakimu 20 haitakuchukua muda mrefu kuliko unavyohitaji kuisoma kwa sauti.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapoanzia. Kanuni ya kujumlisha tarakimu ni ya 3 na 9 tu. Nimeona watoto wengi wakiipeleka kwenye 7, wakidai kwamba 25 inagawanyika kwa 7 kwa sababu 2 na 5 ni 7. Wengine huipeleka kwenye 27, wakidhani kwamba jumla ya tarakimu ikiwa 27 basi nambari inagawanyika kwa 27. Jaribu 1,899: jumla ya tarakimu zake ni 27 kamili, lakini 27 mara 70 ni 1,890, na zinabaki 9. Jumla ya tarakimu inasimama juu ya ukweli kwamba 10 inaizidi 9 kwa 1. Haiijui 27, na 7 haiijui kabisa.

Hatua ya tatu: pishanisha kwa ajili ya 11

Nambari 10 ni 11 ukiondoa 1, nambari 100 ni 99 ukiongeza 1, nambari 1,000 ni 1,001 ukiondoa 1, na zote tatu, 11, 99 na 1,001, zinagawanyika kwa 11. Kwa hiyo mabaki yanapishana: 1, hasi 1, 1, hasi 1. Anza upande wa kulia, chukua tarakimu ya mamoja, toa ya makumi, ongeza ya mamia, toa ya maelfu, uendelee hivyo hadi mwisho. Ukipata 0 au kigawe chochote cha 11, yaani 11, 22, 33 na kuendelea, nambari inagawanyika kwa 11.

Kwa nambari yetu: 0 toa 8, ongeza 4, toa 9, ongeza 3, toa 5, ongeza 6, toa 2, ongeza 1, toa 1, ongeza 0, toa 3, ongeza 5, toa 4. Jibu ni hasi 13. Hasi isikutishe, ongeza 11 mara mbili na utapata 9, ambalo ndilo baki. Nambari yetu haigawanyiki kwa 11.

Binafsi ninapendelea njia ya jozi, kwa sababu kupishanisha kwa muda mrefu humfanya mtu asahau kama zamu hii ni ya kuongeza au ya kutoa. Kwa kuwa 100 inaizidi 99 kwa 1, na 99 ni 9 mara 11, unaweza kuikata nambari katika jozi za tarakimu kuanzia kulia na kuzijumlisha. Jozi zetu ni 45, 30, 11, 26, 53, 94 na 80. Jumla yake ni 339. Tukikata tena, 3 na 39 zinatoa 42. Sasa 42 ikigawanywa kwa 11 inabakisha 9, kama tulivyopata juu, na ikigawanywa kwa 9 inabakisha 6, kama tulivyopata katika hatua ya pili. Hesabu moja imetupa majibu mawili.

Hatua ya nne: nambari 1,001

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyotumika katika fedha za chama chetu. Zidisha 7 kwa 11 kisha kwa 13, utapata 1,001. Maana yake ni kwamba 1,000 inapungukiwa na 1 tu ili igawanyike kwa 7, kwa 11 na kwa 13 kwa pamoja. Kile tulichofanya kwa tarakimu moja moja tulipoipima 11, sasa tunakifanya kwa makundi ya tarakimu tatu, na makundi hayo tayari yametengwa kwa koma tunazoandika katika kila nambari kubwa.

Chukua kundi la mwisho, toa linalotangulia, ongeza linalotangulia hilo, uendelee kupishanisha. Kwa nambari yetu:

480 − 539 + 126 − 301 + 45 = −189

Nambari yenye tarakimu 14 imekuwa nambari ya tarakimu tatu kwa hesabu nne nyepesi. Sasa tunaweka alama ya hasi kando na kuipima 189. Kwa 7: 7 mara 27 ni 189 kamili, basi nambari yetu inagawanyika kwa 7. Kwa 11: 187 ndicho kigawe kilicho karibu, kwa hiyo haigawanyiki. Kwa 13: 182 ndicho kigawe kilicho karibu, zinabaki 7, kwa hiyo haigawanyiki.

Usipokuwa na jedwali la 7 kichwani hadi 189, kuna njia ya mkato. Kwa kuwa 100 ni 98 na 2, na 98 ni 7 mara 14, zidisha tarakimu ya mamia kwa 2 kisha ujumlishe na tarakimu mbili za mwisho: 189 inakuwa 2 na 89, yaani 91, ambayo ni 7 mara 13. Kwa 13, tumia ukweli kwamba 104 ni 13 mara 8, hivyo 100 ni 104 ukiondoa 4. Zidisha mamia kwa 4 na uyatoe kwenye tarakimu mbili za mwisho. Kutoka 189 tunapata 89 toa 4, yaani 85, ambayo si kigawe cha 13.

Angalia kwa makini mambo mawili yaliyotokea hapo. La kwanza, 189 inagawanyika kwa 9, lakini tuliona mapema kwamba nambari yetu haigawanyiki kwa 9. La pili, njia ya mkato ya 7 ilitupa 91, ambayo inagawanyika kwa 13, ilhali nambari yetu haigawanyiki kwa 13. Hakuna mgongano wowote. Tulipoondoa vigawe vya 1,001 tulilinda baki la 7, la 11 na la 13 tu; tulipoondoa vigawe vya 98 tulilinda baki la 7 na tukalipoteza la 13. Kila unapoipunguza nambari, jiulize umeondoa vigawe vya nini, kwa maana jibu linaaminika kwa vigawanyo vya kile ulichoondoa na si kwa vingine.

Ndugu ya 1,001 ni 999, ambayo ni 27 mara 37. Hapa 1,000 inazidi kwa 1, kwa hiyo makundi hujumlishwa bila kupishana: 480, 539, 126, 301 na 45 zinatoa 1,491, na 1 na 491 zinatoa 492. Kwa kuwa 37 mara 13 ni 481, zinabaki 11, na nambari yetu haigawanyiki kwa 37.

Hatua ya tano: kukata tarakimu ya mwisho

Kwa 17, 19, 23, 29 na 31 hatuna nafasi ya karibu yenye baki la 1, kwa hiyo tunatumia ufundi mwingine. Tafuta kigawe cha nambari unayoipima kinachoishia na 1 au 9. Kikiishia na 1, ondoa hiyo 1 na ile inayobaki mbele ndiyo utakayozidisha kwa tarakimu ya mwisho na kutoa. Kikiishia na 9, ongeza 1 ili kiwe na 0 mwishoni, na tarakimu za mbele ndizo utakazozidisha na kujumlisha.

Kwa 19, kigawe ni 19 chenyewe. Ukiongeza 1 unapata 20, kwa hiyo unazidisha tarakimu ya mwisho kwa 2 na kujumlisha. Ipime 44,593: kata 3, kisha 4,459 na 6 ni 4,465, kata 5, kisha 446 na 10 ni 456, kata 6, kisha 45 na 12 ni 57, ambayo ni 19 mara 3. Inagawanyika. Kwa 17, kigawe ni 51, kwa hiyo unazidisha kwa 5 na kutoa. Ipime 86,411: 8,641 toa 5 ni 8,636, 863 toa 30 ni 833, 83 toa 15 ni 68, ambayo ni 17 mara 4. Kwa 23 tumia 69, yaani zidisha kwa 7 na ujumlishe; kwa 29 zidisha kwa 3 na ujumlishe; kwa 31 zidisha kwa 3 na utoe.

Hata 7 inaingia humu. Kutokana na 21 unazidisha kwa 2 na kutoa, na kutokana na 49 unazidisha kwa 5 na kujumlisha. Mwaka 2019 habari zilienea duniani kuhusu mvulana wa miaka 12 mwenye asili ya Nigeria, mwanafunzi mjini London, aliyeibua mwenyewe hii njia ya 5. Uthibitisho wake ni mfupi. Iite sehemu ya mbele a na tarakimu ya mwisho b, ili nambari iwe 10a + b. Izidishe kwa 5 upate 50a + 5b, ambayo ni 49a pamoja na a + 5b. Na kwa kuwa 49a inagawanyika kwa 7 siku zote, kila kitu kinategemea a + 5b.

Njia hii ina mipaka miwili. Kwanza, hailindi baki: 22 ikigawanywa kwa 7 hubakisha 1, lakini ukiikata kwa kutoa mara mbili unapata 2 toa 4, yaani hasi 2, ambayo ni sawa na baki la 5. Inakwambia inagawanyika au haigawanyiki, basi. Pili, kila kukata huondoa takriban tarakimu moja, kwa hiyo kwa nambari yenye tarakimu 14 utakata mara nyingi kama ambavyo ungegawanya kwa njia ndefu. Kwa 7 na 13, anza na 1,001, na ukate tarakimu baada ya hapo tu ikihitajika. Kwa 17 na 19, njia hii inafaa nambari za tarakimu tano au sita.

Hatua ya sita: vigawanyo vilivyochanganyika

Kreti ya soda ina chupa 24, na trei ya mayai hubeba mayai 30. Mwenye duka anayeagiza bidhaa kwa wingi hupima 24 na 30 kila siku, ajue au asijue. Kanuni ni hii: kigawanye kigawanyo katika sehemu mbili ambazo hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1, kisha upime kila sehemu peke yake. Mayai 46,230 yanaishia na 0, na jumla ya tarakimu ni 15, kwa hiyo yanagawanyika kwa 10 na kwa 3, na yatajaza trei 1,541 bila yai kubaki.

Kwa 24, sehemu sahihi ni 3 na 8. Wengi hutumia 4 na 6, kwa kuwa 4 mara 6 ni 24, nao hukosea. Tuseme una chupa 5,940. Zinagawanyika kwa 4, kwa kuwa mkia ni 40; zinagawanyika kwa 6, kwa kuwa ni nambari shufwa na jumla ya tarakimu ni 18. Lakini 940 haigawanyiki kwa 8, na ukipakia utapata kreti 247 na chupa 12 zisizo na kreti kamili. Kosa linatokana na 2 iliyomo ndani ya 4 na ndani ya 6, ambayo imehesabiwa mara mbili. Chupa 5,928 ndizo zinazotimiza kreti 247: jumla ya tarakimu ni 24, na 928 ni 8 mara 116.

Nambari yetu kubwa inagawanyika kwa 8, kwa 3, kwa 5 na kwa 7, na hakuna wawili kati ya hao wenye kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Basi inagawanyika kwa 840, na jibu, kwa atakayetaka kulihakikisha, ni 53,929,912,547.

Kwa njia hii hii unaweza kuchunguza kama nambari ni tasa, yaani haigawanyiki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Huhitaji kupima zaidi ya kipeuo chake cha pili, yaani ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa nambari unayoichunguza. Mwaka wa uhuru wetu, 1963, una kipeuo cha pili kinachozidi 44 kidogo, kwa hiyo nambari tasa za kupima ni zile 14 kuanzia 2 hadi 43. Hatufiki mbali: 963 toa 1 ni 962, ambayo ni 13 mara 74, na 1,963 ni 13 mara 151.

Kazi ya kanuni hizi katika daftari la fedha

Mwezi mmoja hesabu zangu za chama zilikataa kulingana kwa shilingi 1,800. Nambari 1,800 inagawanyika kwa 9, na hilo ni dalili ya kosa moja linalojulikana sana: tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana, tofauti huwa ni 9, 90, 900 au 9,000 mara tofauti ya tarakimu hizo zenyewe. Hapa 1,800 ni 900 mara 2, kwa hiyo nilitafuta kiasi ambacho tarakimu za maelfu na mamia zinatofautiana kwa 2, na nikakiona katika ukurasa wa pili: 8,630 nilikuwa nimeiandika 6,830. Tofauti isipogawanyika kwa 9, usipoteze muda kutafuta kosa la aina hii.

Kwa sababu hiyo hiyo, kipimo cha 9 hakiwezi kukagua jibu la kuzidisha peke yake. Chukua 4,567 mara 389, ambayo ni 1,776,563. Mabaki kwa 9 ni 4 na 2, zao lake ni 8, na jibu pia lina baki la 8. Lakini ukiandika kimakosa 1,775,663, jumla ya tarakimu haibadiliki na kipimo kinapita. Kipimo cha 11 hakidanganyiki: mabaki ni 2 na 4, zao ni 8, jibu sahihi lina baki la 8, na lile lenye kosa lina baki la 10. Tarakimu mbili jirani zisizo sawa zikibadilishana, baki la 11 hubadilika kila mara, kwa hiyo mimi hutumia 9 na 11 pamoja.

Utaona tofauti hiyo hiyo kwenye bidhaa za dukani. Msimbopau (barcode) wa tarakimu 13 hupimwa kwa 10: jumlisha tarakimu zilizo katika nafasi witiri kuanzia kushoto, ongeza mara tatu ya zile zilizo katika nafasi shufwa, na jumla lazima igawanyike kwa 10. Misimbo iliyosajiliwa Kenya huanza na 616. Kwa mfano wa kubuni, 6161234567890 inatoa 32 na mara tatu ya 26, jumla 110, kwa hiyo inakubalika. Lakini ukiandika 1661234567890, jumla ni 120, nayo pia inakubalika, ingawa 6 na 1 za mwanzo zimebadilishana. Hutokea hivyo kila tarakimu mbili jirani zinapotofautiana kwa 5, kwa sababu mabadiliko yake ni 2 mara 5, ambayo ni kigawe cha 10. Nambari za vitabu za ISBN, zilipokuwa na tarakimu 10 hadi mwisho wa mwaka 2006, zilipimwa kwa 11 na hazikuwa na mwanya huo. Zilipohamia tarakimu 13 mwezi Januari 2007, zilichukua kipimo cha 10 cha msimbopau pamoja na mwanya wake.